Kebo ya Kasulo na Karai la Mandazi

Siku ile ya kuniaga, baada ya keki na ile saa ya ukutani (mtu anayestaafu anapewa saa ya nini, jamani, anawahi wapi?), vijana wa maabara mlinizunguka mkaniambia, "Mama Adelina, tuandikie mambo ya zamani." Haya, naandika. Vyeo sivitaji, maana wengine wenu mlivipata kabla yangu. Mshahara nao ni siri ya mtu na mwenye duka lake. Nitasema habari za kazi tu: kukagua ubora wa kebo za umeme wa msongo mkubwa. Mama yangu mzazi alikufa bila kuielewa kazi hii. Watu wa kwetu Mugoma, huko Ngara, aliwaambia kwamba binti yake yuko Dar es Salaam anapima kamba. Sikumsahihisha, kwa sababu kila nilipojaribu alinitazama kwa huruma.

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilikabidhiwa kwa Mzee Shomari, mkaguzi mkuu, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Hakuniuliza jina. Alinyoosha kidole kwenye kipande cha karatasi juu ya meza akasema, "Nipe hiyo." Nikaichukua nikampa kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa nyumbani. Akaitupa kwenye pipa la taka.

"Umeilowesha," akasema.

"Mikono yangu mikavu, Mzee."

"Binti, hakuna mkono mkavu. Binadamu ni maji yaliyovaa viatu. Kanawe, ujifute, halafu usiguse kitu."

Wiki nzima kazi yangu ilikuwa hiyo: kunawa, kujifuta na kutogusa kitu. Nilifikiri mzee hana akili nzuri. Baadaye nikaelewa. Ninyi mmekulia kwenye kebo za plastiki, hamjui shida. Kebo zetu nyingi za zamani zilikuwa za karatasi. Katikati waya wa shaba, juu yake karatasi tabaka kwa tabaka iliyonyweshwa mafuta mazito, na juu kabisa ganda la risasi, ile metali laini nzito, la kuzuia maji yasiingie. Karatasi ile ndiyo iliyozuia umeme usitoroke. Ikiingiwa na unyevu, hata kidogo tu, kebo itakaa kimya ardhini wiki mbili tatu, halafu siku moja itapasuka kwa mshindo, na ninyi wote mtaanza kutafutana nani alisaini.

Kwa hiyo adui wetu alikuwa maji, na Mzee Shomari alikuwa na njia yake ya kumkamata. Alikuwa na sufuria pana ya nta, nta ileile ya mishumaa, aliyoichemsha huku akiipima kwa kipimajoto. Alichuna karatasi kwenye ncha ya kebo kwa koleo ndogo, bila kuigusa kwa vidole, akaitumbukiza. Karatasi kavu inazama bila neno. Karatasi yenye unyevu inatoa povu na kulia: cha, cha, cha, kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta. Alinifundisha kusikiliza nimefumba macho, maana alisema macho yana tabia ya kuona kile ambacho tumbo linakitaka. Siku za Ijumaa, hasa karibu na saa ya kutoka, macho ya wakaguzi yalikuwa yanaona karatasi zote kavu.

Sisi wa ukaguzi hatukupendwa, na ninyi pia hamtapendwa, zoeeni. Watu wa uzalishaji walikuwa wakituona tunakuja wanaanza kuimba nyimbo za msiba. Msimamizi wao alikuwa akiniletea soda baridi kila siku ya kupima. Nilikuwa nakunywa soda, nakataa kebo, na kesho yake analeta nyingine. Sijawahi kumwona mtu mwenye imani kama yule. Na kile chumba cha majaribio chenye wavu na taa nyekundu, ambacho mtu akiingia umeme ukiwamo anakuwa marehemu, nilikuja kugundua kwamba Mzee Shomari anahifadhi humo chakula chake cha mchana. Alisema ndiyo kabati pekee kiwandani ambamo watu wa uzalishaji hawaibi.

Basi nikawa mkaguzi. Nikapata koleo yangu, mega yangu (ile mashine ya kuzungusha kwa mkono ambayo sindano yake inaonyesha kama kebo inavujisha umeme), na masikio yangu. Mzee Shomari akastaafu, akapewa saa ya ukutani.

Sasa nije kwenye kesi ngumu kuliko zote, ambayo nilikutana nayo kwetu Ngara, ile miaka wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Waliokuwepo wanajua. Watu walipita darajani mchana kutwa, wengi kama siafu, na baada ya muda mfupi milima ya Kasulo niliyoijua ya majani ikawa ya maturubai. Maji hayakutosha. Vijito vilivyokuwa vinanywesha wenyeji na mbuzi wao vikageuka tope, watu wakaanza kuharisha, wageni na wenyeji bila kubaguana. Watoto walikuwa wanazikwa kila asubuhi. Shirika moja la misaada likaamua kuweka pampu kubwa bondeni, ipandishe maji hadi matangi ya mlimani, na umeme wa kuiendesha utoke kwenye majenereta ya juu kwa kebo ya msongo mkubwa ipite ardhini. Kebo ikaagizwa kwetu. Ikatoka kiwandani nzima, nimeipima mwenyewe, imezungushwa kwenye dramu, lile gurudumu la mbao linalomzidi mtu kimo. Ikapanda treni mpaka Isaka, ikapanda lori, ikaenda.

Miezi ikapita. Mtaro ulipokuwa tayari, wakaomba mtu wa kwenda kuipima kabla haijafukiwa. Mkubwa wangu akanitazama. "Wewe si wa huko?" Yaani kwake Kagera yote ilikuwa ni uani kwetu.

Nilisafiri na vyombo vyangu kwenye lori la maharage. Msitu wa Biharamulo wakati ule ulikuwa na majambazi, kwa hiyo magari yalisubiriana yaende kwa msafara na askari mbele. Tulipata pancha palepale Biharamulo, tukashusha mizigo yote ili jeki ifike, dereva akiapa kwamba majambazi wakija atawaonyesha kwanza mimi. Tukapakia upya kwa haraka ya ajabu. Nilipofika Kasulo, mega ipo, koleo ipo, kipimajoto kipo, sufuria ya nta haipo, na nta yenyewe haipo. Mpaka leo naamini ile sufuria iko Biharamulo kwa mtu, inapika kisamvu.

Aliyenipokea alikuwa Injinia Lema, msimamizi wa mradi, kijana wa Moshi aliyekonda kwa mawazo. Alikuwa na tabia ya kusema kila kitu mara mbili. "Karibu mama, karibu mama. Dramu lile kule, lile kule. Leo upime, kesho tuvute, keshokutwa watu wanywe maji."

Nikaenda kwenye dramu. Mlinzi wake alikuwa Mzee Baltazari, mtu wa Mugoma, rika la marehemu baba yangu, mrefu, kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa kwa Anastazia? Mama yako alisema unapima kamba." Akapigapiga dramu kwa upendo. "Kamba yenu iko salama. Nimeilea kama ndama."

Kanuni ya kwanza ya Mzee Shomari: kabla ya mashine, tazama ncha. Ncha ya kebo huzibwa kwa kofia ya risasi iliyochomelewa, hata hewa haipiti. Nikazunguka upande wa pili wa dramu, nikainama, nikaona. Katikati ya kofia palikuwa na tundu, na kwenye tundu pamechomekwa jani kavu la mgomba, limesokotwa vizuri sana.

Nililijua lile jani. Hakuna mtoto wa Ngara asiyelijua. Ndivyo mama zetu wanavyoziba kibuyu cha pombe ya ndizi inapoendelea kuchacha: huzibi ikakaza, unaweka jani, ili inzi asiingie na pombe ipumue. Nikaanza kucheka. Halafu nikakumbuka nimekuja kufanya nini, kicheko kikanikauka.

"Nani ametoboa hii?" Injinia alikuwa ameshafika nyuma yangu. "Nani ametoboa hii?"

"Mimi," akasema Mzee Baltazari, na alisema kama mtu anayeitwa mbele kupokea zawadi. "Ilikuwa imevimba, bosi. Jua la mchana likiipiga inavimba, inatoka mafuta pembeni. Nikasema hii itapasuka iumize watu. Mimi nimeshapasukiwa na madumu mawili ya pombe, moja lilinitoa jino. Basi nikaitoboa kwa msumari, nikaiwekea jani. Tangu hapo imetulia. Hata mvua zote zile zimenyesha, imetulia tu."

"Mvua?" akasema Injinia. Kwa mara ya kwanza alisema neno mara moja.

Ukweli ni kwamba kofia ilivimba kweli. Mafuta ya ndani yakipata joto yanatanuka, kofia inatuna kidogo, ni kawaida, na iko pale kwa kazi hiyo. Lakini mtu aliyekulia kwenye pombe ya ndizi, akaona kitu kimezibwa, kimevimba, kinatoa jasho, angefikiri nini? Mimi mwenyewe kama si kwenda shule ningechukua msumari.

Injinia hakukulia kwenye pombe ya ndizi. Mnajua hali ya miaka ile, kila mtu aliona jasusi nyuma ya kila kichaka, na mtu aliweza kulala mahabusu mwezi mzima kwa kosa la kuuliza njia. "Huu ni uhujumu," akasema. "Uhujumu! Mama, kebo imekufa?"

"Sijui. Maji yanapoingia kwenye ncha yanatambaa ndani. Yanaweza yakawa yametambaa kidogo, tukakata ncha tukaendelea. Yanaweza yakawa yamekwenda mbali."

"Na ikiwa yamekwenda mbali?"

"Mnaagiza nyingine."

Nyingine ilikuwa ni kusubiri tena ile miezi yote. Injinia akageuka akamwelekea mzee. "Akiba niliyonayo kwenye dramu ni mizunguko mitatu. Mitatu tu. Kebo ikifika kwenye pampu, umesalimika. Isipofika, Mzee, unapanda gari la polisi, ukawaeleze wao habari za kupumua."

Mzee Baltazari akavua kofia. Nadhani ndipo alipoelewa.

Sasa nipime na nini? Mega ingeniambia kwamba kuna ubovu, na iliniambia, sindano ilianguka kama mlevi. Haikuweza kuniambia unyevu unaishia wapi. Hiyo ni kazi ya nta. Nta nikaipata parokiani. Paroko aliniuliza mishumaa yote hiyo ni ya kumwombea nani, nikamjibu ni ya kukaanga karatasi. Akanipa haraka haraka bila swali jingine, akanishika kichwa akanibariki. Chombo cha kuchemshia kikawa ndiyo shida. Pale kwenye lango la mradi alikuwepo Mama Devota, mwanamke wa asili ya Burundi ambaye wazazi wake walikuja na wimbi la zamani la wakimbizi. Alikuwa akiuza mandazi, na karai lake lilikuwa pana, zito, jeusi kwa uzoefu.

"Unataka karai langu upikie umeme," akasema.

"Sipiki umeme. Nachemsha nta."

"Na likirudi na umeme ndani? Wateja wangu warushwe?"

"Mama Devota, umeme haubaki kwenye karai."

"Umeuona ukitoka?"

Tulivutana namna hiyo, yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kihangaza cha kwetu Ngara, maana zinaelewana kama ndugu na zinagombana vivyo hivyo. Mwisho akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye mwenyewe akae hapohapo alilinde karai lake, na moto autawale yeye. Sikupata msaidizi bora maishani. Nikimwambia joto limepanda, anavuta kuni moja, basi. Kipimajoto changu na jicho lake vilikuwa vikikubaliana mpaka nikaona wivu.

Habari ikasambaa kwamba kuna mama kutoka Dar anakaanga waya. Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji na madumu yao wakaja kuzunguka. Nikachora duara kwa fimbo, nikasema asiingie mtu, na asinipumulie mtu, pumzi ina maji. Wakajiziba midomo kwa viganja, watu wazima kabisa. Vijana wa mtaro wakakata kipande cha ncha kwa msumeno wa chuma. Nikachuna karatasi kwa koleo. Nikatumbukiza.

Chaaaa! Povu likapanda mpaka ukingoni.

"Imeiva!" akapiga kelele mtu nyuma.

"Haijaiva, imelowa," nikasema. "Kata."

Wakakata tena, kipande kama urefu wa mtu. Cha, cha, cha. Kata. Mzunguko wa kwanza wa akiba ukaisha, karai bado linaimba. Injinia alikuwa anatembea huku na huku akitaja bei za vitu. Wakati fulani akashindwa kuvumilia, akaokota karatasi kwa vidole vyake akaitupa kwenye nta, ikalipuka povu kubwa. "Mungu wangu, ndiyo mbaya kuliko zote!" Nikamwambia hiyo siyo kebo, hilo ni jasho lake. Akaenda kukaa kwenye jiwe.

Mzunguko wa pili. Kelele zikaanza kupungua. Badala ya kulia likawa linanong'ona. Watu nao wakaanza kunyamaza, kila karatasi ikizama shingo zinarefuka kama za kuku anayesikiliza mvua. Mzee Baltazari alikuwa amesimama ukingoni mwa duara, kofia mkononi. Kila msumeno ulipofanya kazi alitazama miguu yake.

Tukaingia mzunguko wa tatu, tukafika mwisho wake. Tukakata. Nikachuna karatasi ya nje, ikazama kimya. Ya katikati, kimya. Nikachuna ile ya ndani kabisa, inayogusa shaba, maana huko ndiko maji hupenda kutambaa. Nikaitumbukiza.

Tik.

Mara moja tu. Kidogo kama ukucha ukigonga kikombe. Ungekuwa unataka kutoisikia, usingeisikia.

"Kimya!" Injinia akaruka juu. "Kimya! Mmesikia? Kimya!"

"Kimyaaa!" watu wakaitikia, madumu yakapigwa ngoma.

"Kimya kabisa," akasema Mama Devota. "Mandazi yangu hayajawahi kutulia namna hii."

Nilikuwa nimeisikia. Nikainama nikatazama kipimajoto, ambacho hakikuwa na jipya la kuniambia. Niliwaza hivi: nikisema imelia, tunakata tena, na akiba imekwisha, kilichobaki kinafika bondeni kwa shida. Isipofika, watu hawa wanarudi kwenye tope, na yule mzee anapanda gari la polisi. Nikisema haikulia, wote tunacheka leo, halafu kebo itapasuka ardhini siku nisiyoijua, mimi nikiwa Dar nakunywa soda ya uzalishaji. Jibu nilikuwa nalijua. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuchelewa kulitoa. Siku hiyo nilichelewa, kwa sababu lilikuwa na uso na kofia ya sufu.

"Imelia."

Si mimi niliyesema. Watu wote waligeuka. Mzee Baltazari alikuwa amevuka duara, jambo nililokuwa nimelikataza.

"Imelia mara moja, hapo pembeni," akasema. "Mimi nimesikia."

"Mzee," akasema Injinia polepole, "unajua unachokisema?"

"Najua, bosi."

"Imelia," nikasema mimi. "Lete msumeno."

Tukakata. Watu wakanuna, wengine wakamtukana mzee kwa Kihangaza, na matusi ya kwetu ni marefu. Nikachuna karatasi zote upya, moja moja, nje mpaka ndani. Nta haikusema kitu. Nikarudia. Haikusema kitu. Nikarudia tena, na nta ikawa imetulia kama maji ya ubatizo. Tukaziba ncha kwa kofia mpya ya risasi. Nikamwambia Mzee Baltazari mbele ya watu wote kwamba hata ikivimba kama ng'ombe aliyekula mahindi mabichi, asiiguse.

Wakati risasi inapoa nikaketi naye kwenye kivuli cha dramu.

"Baba, kwa nini umesema? Ni wewe ndiye uliyekuwa unaponea hapo."

"Mwanangu, mimi napika pombe tangu ujana. Wageni wa harusi wanaweza kuwa wameshakaa, mkwe ameshika mrija, watu wananitazama. Nikionja ikiwa mbichi, nasema mbichi. Wanakasirika. Lakini matumbo yao yanabaki salama." Akavaa kofia yake. "Hata hivyo niliogopa sana. Usimwambie yule bosi."

Kesho yake wakavuta kebo. Ikashuka mtaroni mikono mia ikiivuta, wakimbizi na wenyeji pamoja, wakiimba wimbo ambao nusu yake ulikuwa unanisema mimi. Ikafika bondeni. Nyumba ya pampu ile pale, ncha ya kebo hii hapa, na katikati pamebaki nafasi ya kutosha kulaza vitanda viwili.

Mtaro pale mwishoni ulikuwa na kona, na kona ile ilikuwa imezunguka choo. Choo chenyewe kilikuwa cha Injinia Lema, cha tofali za kuchoma, mlango wa bati, kufuli, na ufunguo anao yeye peke yake. Katika Kasulo ile ya maturubai hakikuwepo kingine cha namna hiyo, na mwenyewe alikuwa akikiongelea kama mtu anavyoongelea shamba la kahawa. Wachimbaji wakakitazama choo. Wakamtazama Injinia.

"Hapana," akasema, kabla hajaulizwa.

Nikamwonyesha kwa mkono: mtaro ukinyooka, kebo inafika na kubaki.

"Hapana, hapana."

Mlimani foleni ya madumu ilikuwa inaonekana vizuri sana kutoka pale tuliposimama. Injinia akaitazama kwa muda. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. "Nipeni dakika tano," akasema. Tukampa. Alitoka akiwa amebeba ndoo yake na gazeti, akasema, "Bomoeni," akaondoka bila kugeuka nyuma. Tangu siku hiyo akawa anapanga foleni ya choo na wachimbaji, na ninaambiwa ndipo walipoanza kumpenda. Shimo likajazwa mawe na kifusi, kebo ikapitishwa juu yake ndani ya bomba la chuma, ikafika kwenye pampu ikabaki kiasi cha mkono. Nikafunga mega, nikazungusha. Sindano ikapanda na ikakaa huko juu. Nikasaini.

Mama Devota akalichukua karai lake akalisugua kwa mchanga mpaka akachoka, lakini harufu ya mishumaa haikutoka wiki nzima. Watu wakasema ni mandazi yenye baraka. Akauza kuliko zamani, na aliponiona akanilaumu kwamba sasa analazimika kuamka mapema zaidi.

Siku ya kuwasha pampu tulikusanyika mlimani kwenye bomba la kwanza, wote, na madumu yamejipanga mpaka usiyaone mwisho. Mzee Baltazari alikuja amevaa koti la misa na kubeba furushi kwapani.

"Mzee, hilo furushi la nini?" Injinia akamuuliza.

"La polisi. Sweta na blanketi. Hukuniambia kama wanatoa blanketi au hawatoi."

"Kebo si imepimwa? Imepita, Mzee, imepita!"

"Nimesikia mmesema. Mimi umeme siuoni. Nitaamini nikiona maji."

Bondeni wakawasha. Bomba likakohoa hewa, likakohoa tena, likanyamaza kwa muda ambao mimi nilizeeka ndani yake. Kisha yakaja, mekundu kama chai ya rangi, halafu yakatakata, yakaja kwa nguvu mpaka bomba likatikisika, na kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika Rusumo. Watu walikumbatiana bila kuulizana wametoka nchi gani.

Mzee Baltazari akaweka furushi chini akalifungua. Chini ya blanketi kulikuwa na kikombe cha bati alichokifungasha cha kunywea uji mahabusu. Akakichukua akapanga foleni nyuma ya watoto. Injinia akamwambia apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika alikijaza mpaka juu, akaja nacho polepole asimwage, akanipa mimi kwanza. Nilikunywa yote nikilia mbele ya watu, na wala sikuona aibu.